Mshahara Mara Mbili na Usiku wa Ijumaa

Mwezi wangu wa mwisho katika upolisi, meneja wa kampuni moja ya ulinzi aliniuliza kama ninaweza kuanza kazi kwake tarehe moja. Nilimjibu kwamba ninaweza. Nilitakiwa kumwambia hapana, nipe mwezi mmoja, kuna karatasi moja sijaiandika. Karatasi yenyewe ingenichukua nusu saa. Lakini mshahara aliokuwa akinitajia ulikuwa mara mbili ya niliokuwa napokea, na mimi nikishasikia "mara mbili" huwa sisikii vizuri maneno yanayofuata.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wa lindo langu la mwisho. Siku ya kuniaga walinikalisha kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa utepe, wakanipa soda na keki, wakanisifia mambo ambayo sikuyafanya. Mmoja wao, Nuru, binti anayelinda geti mchana na kusoma sheria jioni, akaniuliza mbele ya wote: "Mzee Gaude, wewe umepita polisi, rafiki zako mmoja magereza mmoja mahakamani, na huku kwenye ulinzi ndiko ulikozeekea. Tuambie ukweli, wapi kunalipa?" Nilicheka nikamwambia nitamwandikia. Nadhani aliona namkwepa. Jibu ndilo hili, Nuru, uwasomee na wenzako. Vyeo nitaviruka, vilikuwa vichache na vilichelewa.

Nilitoka Mbinga nikiwa mdogo, nikaja kukaa kwa mjomba Temeke ili nisome sekondari. Darasani tulikaa watatu dawati moja: mimi, Kondo na Shabani. Kondo alikuwa mtoto wa Temeke hasa, mcheshi, mwenye mabega mapana. Shabani kwao Mwananyamala, watu wa Pwani tangu mababu, na alikuwa na mwandiko ambao walimu walikuwa wanauazima kuandikia vyeti. Tulipomaliza kidato cha nne, matokeo yetu yalikuwa ya wastani kabisa, ya kutosha kuajiriwa na si ya kutosha kuringa. Shabani akachukuliwa mahakamani kuwa karani, kwa ule mwandiko. Kondo akaenda magereza. Mimi nikaenda polisi kwa sababu nilikuwa mrefu, na siku ile ya usaili aliyetangulia alikuwa mfupi.

Mwaka wetu wa kwanza kazini tulianzisha desturi. Kila Januari, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, tulikutana kwa mama mmoja muuza supu Mwananyamala, karibu na hospitali, kila mtu na hati yake ya mshahara mfukoni. Sheria ilikuwa moja: mwenye mshahara mkubwa analipia wote. Kwa hiyo sisi hatukuwahi kubishana nani anapata zaidi, kama watu wengine wanavyobishana. Tulibishana nani ni fukara.

Bingwa wa kujishusha alikuwa Kondo. "Nyie mnaona tarakimu," alikuwa akisema, huku kidole kakiweka juu ya mstari wa posho ili tusiuone. "Hamuoni kwamba mie nafungwa. Asubuhi nafungiwa, jioni nafunguliwa. Mfungwa anahesabu miaka yake inaisha. Mie yangu ndio kwanza inaanza."

"Una nyumba ya bure," Shabani alimwambia.

"Nyumba ya bure ukuta wake ni wa gereza. Mke wangu akianika nguo, wanazihesabu watu mia mbili."

"Na mchicha nyuma ya nyumba."

"Mchicha nao mshahara? Haya, na wewe tuhesabu lile feni lenu la mahakamani."

Shabani alikuwa akikubali kwa upole kwamba feni lipo, ila lilikuwa limeelekezwa kwa mheshimiwa hakimu. Karani alipata upepo wa pembeni. Yeye hakuwa na posho ya chakula kama sisi, hakuwa na sare, viatu alijinunulia, na kila mwenye kesi mtaani kwao aliamini kwamba Shabani ndiye anayeamua hukumu, hivyo ndugu walikuwa wakimnunia kwa vifungo ambavyo hakuvitoa. Tulikubaliana mwaka ule na miaka iliyofuata kwamba manung'uniko nayo yahesabiwe. Mimi nilipewa buti mbili kwa mwaka, na buti zile zilikuwa na tabia ya kufa pamoja mwezi wa nane. Nilikuwa na posho, ila nilikuwa pia na watu wa kuniamsha usiku. Kwenye karatasi tulikuwa tunapishana kidogo sana. Tofauti ilikuwa bei ya chapati tatu, na tuliibishania kama watu wanaogawana shamba.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana nimekaa sana kwenye supu.

Siku yangu ya kwanza kituoni, upande wa Kinondoni, sikukamata mtu. Nilifagia kaunta, nikachemsha chai, nikaoneshwa kitabu cha matukio nikaambiwa nisikiguse. Siku ya tatu nikakabidhiwa kwa Sajenti Mwanaidi, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kunduchi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya mashahidi. Kituo kizima kilijua kwamba jalada lenye maelezo ya Mwanaidi halirudi kutoka mahakamani na aibu.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Stuli fupi, ili yeye akae chini kuliko shahidi. Karatasi za kaboni alizozitunza ndani ya kitabu kama pesa. Na kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kumpa shahidi aichezee. Alisema mtu aliyeshika kitu mkononi anasahau kuwa yuko polisi. Nilijaribu, ni kweli, ingawa nimepoteza kalamu nyingi kwa njia hiyo.

Kosa langu la kwanza lilitoka Sinza. Mwenye nyumba ya wageni alikuja kulalamika, akasema, "Mteja kasepa na mashuka yangu mawili, na alikuwa ananizingua tangu jana." Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na Kiswahili changu kilikuwa kimepigwa pasi. Nikaandika kwamba mteja alitoroka na mali ya nyumba ya wageni baada ya kumsumbua mlalamikaji kwa muda mrefu. Mwanaidi alisoma, akaichana taratibu, vipande vinne vilivyo sawa.

"Gaude, huyu kasema kasepa?"

"Ndiyo, afande. Lakini maana yake..."

"Nimekuuliza maana?"

"Hapana, afande."

"Kasepa ni kasepa. Kuzingua ni kuzingua. Hakimu akitaka maana ana mdomo, atauliza. Wewe usimtafsirie Mswahili Kiswahili."

Hilo ndilo somo lake lote, na alinifundisha miaka kumi. Andika neno alilolisema mtu. Halafu msomee, polepole, neno kwa neno, na umtazame usoni anaposikiliza. Akikunja uso, rudi nyuma. Ndipo aweke sahihi au dole gumba. Nilikuja kuiweza kazi ile. Nasema bila majivuno kwa sababu ndicho kitu pekee nilichowahi kukiweza hivyo. Watu waliokuja wamefura walikaa mbele yangu wakapoa, wakasema. Mwaka wa kumi Mwanaidi alipeleka jina langu juu, niende chuoni kuwafundisha askari wapya kuandika maelezo. Alinipa habari hiyo huku anamenya chungwa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Wakikukubali utakwenda. Wakikukataa nitapeleka tena." Nyongeza ya mshahara ilikuwa ndogo kiasi kwamba Kondo, nilipomwambia, aliniuliza kama wamekosea tarakimu.

Hapo ndipo alipotokea yule meneja. Kampuni yake ilikuwa imepata lindo la hoteli moja ya ufukweni, upande wa Kunduchi, na walitaka mkuu wa walinzi aliyetoka polisi. Nilikuwa na watoto watatu na kiwanja Mbagala chenye msingi uliokuwa umeota nyasi. Nikapanga kwenda kuonana naye asubuhi moja ya Desemba, saa nne kamili.

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa na kazi hukohuko Kunduchi. Mashine mbili za boti zilikuwa zimeibwa kwenye banda Alhamisi usiku, mwenye mali akagundua Ijumaa alfajiri. Jumapili akakamatwa kijana mmoja, Hemedi, aliyekuwa akimbebea samaki mwenye banda, nao walikuwa wamekorofishana juma lile. Hemedi alisema, "Usiku ule nilikuwa kwa Bi Rehema kisomoni, mkamuulize." Basi mimi nikatumwa nikamuulize Bi Rehema.

Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mkaanga samaki, na alinikaribisha barazani kwa heshima zote. Nikampa shikamoo, akaniitikia, nikatoa karatasi. Akasema wazi, bila kusitasita: "Usiku wa Ijumaa Hemedi alikuwa kwangu. Tulikuwa na kisomo cha marehemu mume wangu. Akamimina chai, akasaidia kukunja majamvi, akalala hapa barazani mpaka alfajiri." Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne kasorobo. Nikaandika kwamba siku ya Ijumaa, na tarehe nikaitafuta mwenyewe kichwani, majira ya usiku, Hemedi alikuwa nyumbani kwa shahidi. Kaboni ilikuwa chini, kwa hiyo kosa langu lilipata na nakala. Nikampa wino aweke dole gumba. Sikumsomea. Miaka kumi nilisomea watu maelezo yao, hata walevi, na siku ile sikumsomea mama mmoja aliyekuwa amekaa ananisubiri nimsomee. Saa nne kamili nilikuwa hotelini, viatu vimefutwa vumbi, nakunywa juisi ya embe na meneja.

Kwenye jalada likawa jambo la wazi: wizi umetokea Alhamisi usiku, na shahidi wa kijana anamtetea kwa Ijumaa usiku. Hemedi akaonekana mwongo. Dhamana ilikuwepo, ila hakumpata mdhamini mwenye barua ya kazi, akapelekwa mahabusu. Mimi nikaandika barua ya kuacha kazi.

Mwisho wa Januari tukakutana kwa mama supu. Nilifika wa kwanza, nikaagiza kabla hawajakaa, nikawaambia leo nalipa mimi, na miaka yote ijayo nalipa mimi, nikawatajia mshahara mpya. Kondo alisimama akanipigia saluti na kijiko.

"Basi kabla hujawa tajiri," alisema alipokaa, "una kijana wako kule kwangu mahabusu. Yule wa mashine za boti."

"Hemedi. Anasemaje?"

"Mpole, bana. Anafagia hata pasipo na uchafu. Ila ana wimbo mmoja. Kila mgeni akiingia anamwambia, usiku wa Ijumaa mie nilikuwa kwa Bi Rehema. Wenzake wameshambatiza, wanamwita Usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo kosa lake. Wizi ulikuwa Alhamisi usiku."

Shabani aliweka kijiko chini. "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Na huyo bibi ni mtu wa wapi?"

"Kunduchi. Mzaliwa."

"Gaude," Shabani alisema polepole, kama anamsomea mtu hukumu, "usiku wa Ijumaa ndio huohuo."

Nilimwambia aache utani.

"Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Usiku ndio unaotangulia, mchana unafuata. Kwetu kisomo kinasomwa usiku wa Ijumaa. Mama yangu akikualika usiku wa Ijumaa, wewe uende Ijumaa, utakuta sufuria zimeoshwa na watu wamelala."

Kondo alicheka mpaka supu ikampanda puani. Halafu akaacha, kwa sababu ndiye pekee kati yetu aliyekuwa anamwona yule kijana kila siku.

Nimekaa Dar tangu nina miaka kumi na minne. Nimekula pilau za maulidi kwa majirani zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Lazima neno lile nililisikia mara nyingi, ila sikuwahi kulihitaji, kwa hiyo sikulishika.

Jumatatu nilimweleza Mwanaidi. Hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimsomea?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kaandike maelezo ya nyongeza. Yako wewe, kwamba ulikosea. Halafu rudi kwa Bi Rehema kaandike yake upya, umpelekee mkuu wa upelelezi. Leo, usingoje kesho."

Niliijua njia nzima ya karatasi ile. Ingefika kwa mkuu, ningetakiwa kuandika barua ya kujieleza, na mtu mwenye barua ya kujieleza hapewi ruhusa ya kuondoka mpaka imalizwe. Ingeweza kuchukua mwezi. Nilimpigia meneja kwa simu ya mezani ya duka la jirani, nikamuuliza kama kuna uwezekano wa kuchelewa kidogo. Akasema nafasi ina watu wawili wanaoisubiri. "Tarehe moja unaweza au huwezi?" Nikasema naweza.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua kikaratasi, nikaandika kwa penseli "Angalia siku", nikakibana kwa pini ndani ya jalada. Bila jina, bila sahihi. Nikajiambia mwendesha mashtaka ni mtu makini, ataona. Siku ya kurudisha sare, Mwanaidi alikuwa anafunga safari ya likizo kwenda Tanga kwa binti yake. Akaniuliza mlangoni: "Ile karatasi umeandika?"

"Nimeandika, afande."

Akanipa mkono, akaniambia hata huko hotelini nisiwatafsirie watu.

Kazi ya hotelini, vijana, mnaijua, nisiwapotezee muda. Ilikuwa nzuri. Chakula kipo, upepo upo, msingi wa Mbagala ukapanda ukawa nyumba. Kesi kubwa ya mwaka wa kwanza ilikuwa pete ya mgeni iliyopotea, ikahojiwa idara nzima ya usafi, kumbe mwenyewe ameivaa kidole cha mguu. Kila mwisho wa zamu nilitakiwa kujaza taarifa, na kampuni ilipenda taarifa fupi, kwa hiyo nilikuwa naandika "hali shwari". Nimeandika maneno hayo mawili kwa miaka ishirini na sita, mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Kondo, kila tulipokutana, alinitajia kwamba Usiku wa Ijumaa bado yupo. Nilimjibu kwamba nilishashughulikia, kesi ndizo zinazochelewa.

Julai, Shabani alinifuata hotelini mwenyewe. Hakuketi. Alikuwa karani wa siku ile, na kazi yake haimruhusu kusema neno, kwa hiyo alikuwa amelibeba moyoni tangu asubuhi. Bi Rehema alikuwa amefika mahakamani kumtetea kijana. Mwendesha mashtaka akamsomea maelezo yale, akamuuliza mbele ya watu kwa nini polisi aliwaambia Ijumaa na mahakama anaiambia usiku wa wizi.

"Bibi akasema, baba, mie sijabadili neno. Mie nimesema usiku wa Ijumaa," Shabani alinihadithia. "Yule akamwambia, Ijumaa ni siku ya baada ya wizi. Bibi akamwambia, hiyo Ijumaa yako, baba, yangu ilianza magharibi. Watu wakacheka, Gaude. Wakamcheka. Mtu mzima yule, alishika ukingo wa kizimba akawa anatazama chini." Akanipa karatasi. Ilikuwa hati ya kuniita. Hakimu, mtu wa bara kama mimi, hakucheka. Aliahirisha kesi na kuagiza aliyeandika maelezo aletwe.

Nilikwenda. Chumba kilikuwa kimejaa, na kwenye benchi la nyuma niliona askari kadhaa waliokuja na kesi zao. Mwanaidi alikuwa mmoja wao. Nikaapa, nikaeleza jinsi bibi alivyosema na jinsi nilivyoandika. Hakimu akauliza, "Kwa hiyo Ijumaa inaanza lini?" Mzee mmoja wa benchi la mbele akajibu bila kuulizwa, mwingine akamkosoa kuhusu adhana, na kwa dakika mbili mahakama ikawa baraza, mpaka Shabani alipogonga meza. Hata Hemedi alitabasamu. Nikaona jambo limekwisha vizuri.

"Kosa ni la nani?" hakimu akaniuliza.

"La kwangu, Mheshimiwa. Bi Rehema alisema sawasawa."

"Uliligundua lini?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Ningeweza kusema leo, au jana nilipopata hati. Lakini Kondo na Shabani walikuwa wanajua, na Mwanaidi alikuwa amekaa pale.

"Mwisho wa Januari, Mheshimiwa."

"Hii ni Julai. Ulifanya nini mwisho wa Januari?"

"Niliweka kikaratasi kwenye jalada."

Mwendesha mashtaka akapekua. Kilikuwepo, kimejikunja, pini imeshika kutu. Hakimu akakisoma kwa sauti. "Angalia siku." Akakigeuza upande wa pili, hakikuwa na kitu. "Siku gani?" akauliza. Akakirudisha ndani ya jalada.

Hemedi aliachiwa siku ileile. Alikuwa amekaa mahabusu miezi saba. Posa aliyopeleka kabla ya kukamatwa ilikuwa imerudishwa mwezi wa tatu, na nafasi yake bandani alikuwa nayo mtu mwingine. Alinipa mkono akasema, "Ahsante kwa kuja, afande," na hakuwa ananikejeli. Bi Rehema nilimpa shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, siku nyingine uniulize. Mie najua kusema, na kurudia najua." Mwanaidi nilimkuta kwenye korido. Alinitazama kidogo. "Uliniambia umeandika," alisema. "Miezi mitano na nusu, Gaude. Mie ningeiandika kwa nusu saa." Akapita.

Baadaye Hemedi alisimama vizuri. Alianza kuuza samaki kwenye mahoteli, na kwa miaka mingi nilikuwa namkagua getini kwangu mara mbili kwa juma, kasha la barafu na samaki. Kila alipofika aliniuliza, kwa sauti ya kusikika na walinzi wote, "Afande, leo siku gani? Imeshaingia au bado?" Nilimjibu kila mara, kwa utii. Walinzi wapya walidhani ni salamu ya huko Kunduchi, wakaanza kuitumia.

Sasa swali lako, Nuru. Magereza wana nyumba, na Kondo sasa anafuga kuku kwa kiinua mgongo chake. Mahakama hawana posho nyingi ila wana pensheni, na Shabani anaandikia watu wosia mtaani kwao kwa mwandiko uleule. Polisi wako katikati, na watakuamsha. Ulinzi wa kampuni unategemea kampuni. Wengi wanalipwa kidogo kuliko wote watatu, wakuu wachache tunalipwa zaidi. Nimeipiga hesabu ya maisha mazima, pamoja na pensheni zao na akiba yangu, na kwa fedha nimewashinda. Sitakudanganya katika hilo. Watoto wamesoma, nyumba ina vigae.

Lakini uamuzi ule ulikuwa na gharama, na ni hii. Jina langu liliondolewa kwenye orodha ya chuo nilipoacha kazi, na kazi pekee niliyokuwa naiweza sikuifanya tena. Na Mwanaidi, aliyenifundisha kazi hiyo, hakunisemesha tena kuanzia siku ile kwenye korido. Nilimwandikia mara tatu, nilikwenda kwake Iddi mbili, wakanikaribisha wanawe. Amezikwa mwaka juzi Kunduchi. Aliishi miaka ishirini na mitatu bila kusema nami neno, na mimi ndiye niliyesababisha.